Mstari Mmoja: Safari ya Tone la Damu Katika Kipimo cha Malaria

Katika zahanati za milima ya Usambara yapo mabishano ambayo hurudiwa kila ufikapo msimu wa baridi. Mzazi amefika na mtoto mwenye homa. Mhudumu amemchoma mtoto kidoleni, ameliweka tone la damu katika kijisanduku cheupe cha plastiki, wamesubiri robo saa, na mstari uliotokea ni mmoja tu. Hakuna malaria. Mzazi haridhiki. Homa anaiona kwa macho yake, mtoto anatetemeka, na tangu utoto wake ameambiwa kwamba kutetemeka ndiyo malaria yenyewe. Itakuwaje kikaratasi kiseme hakuna? Wapo wanaotoka hapo wakaelekea moja kwa moja duka la dawa, wakanunua dawa ya mseto, wakampa mtoto, na kwa siku mbili tatu wakakaa wakisubiri nafuu ambayo dawa hiyo haiwezi kuileta.

Tumeona vyema katika kurasa hizi za familia tukieleze kikaratasi hicho. Si kwa ajili ya kuwalaumu wazazi, kwani anayeogopa kumpoteza mtoto hashikiki kwa lawama. Ila tunaona kwamba mtu hukiamini kile anachokielewa, na kipimo cha haraka cha malaria kimegawiwa nchi nzima bila wengi wetu kuelezwa kinavyofanya kazi. Ndani yake kuna safari ya ajabu ya chembe ndogo mno zinazopita katika karatasi yenye vitundu iliyojaa maji. Anayeifahamu safari hiyo atajua ni wakati gani mstari mmoja ni habari njema, na ni wakati gani ni onyo la kutafuta maradhi mengine upesi.

Mlima na homa zake

Tuanze na mlima wenyewe. Basi linalotoka Mombo hupanda kona baada ya kona kupitia Soni hadi Lushoto mjini, kwenye kimo cha takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Abiria huvaa sweta njiani. Baridi hiyo inayowasumbua abiria inamsumbua zaidi mbu, na inakisumbua zaidi kimelea cha malaria kilichomo tumboni mwa mbu. Kimelea hicho hakimdhuru mtu mwingine mpaka kikomae ndani ya mbu, na ukomavu huo unategemea joto. Likishuka chini ya nyuzi 16 hivi, kimelea cha aina ya falsiparamu, ambacho ndicho kikali na ndicho kilichoenea kwetu, husimama kukua. Kwenye nyuzi 20 huhitaji takriban wiki nne, na mbu wachache sana huishi muda huo.

Jambo hili lilipimwa hapa hapa. Watafiti walichagua vijiji sita katika milima ya Usambara, kuanzia kimo cha mita 300 hadi mita 1,700, wakawakamata mbu na kuwachunguza. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kwamba kiasi cha maambukizi kati ya bonde la chini na uwanda wa juu kinapungua takriban mara 1,000. Si nusu, wala si robo. Mtu anayelala bila chandarua kule chini na anayelala bila chandarua kule juu wako karibu kwa macho, mmoja anaweza kuona moshi wa jiko la mwenzake, lakini kwa upande wa malaria wanaishi katika nchi mbili.

Hata hivyo homa zipo kule juu. Kuna nimonia, ambayo wengine huiita kichomi, kuna homa ya matumbo, kuna maambukizi ya njia ya mkojo, ya masikio na ya koo, na kuna bakteria wanaoingia katika damu. Haya yote huleta joto na kutetemeka, na mengine huua haraka kuliko malaria. Zamani kila homa ilipewa jina moja, na dawa moja, kwa sababu klorokwini ilikuwa rahisi na hadubini zilikuwa chache.

Gharama ya mazoea hayo ilikuja kuonekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ. Uliwafuatilia wagonjwa waliolazwa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania. Wagonjwa 4,474 walitibiwa kama wenye malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa kwa uangalifu kwa hadubini, waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, yaani chini ya nusu. Na hapa ndipo msomaji anapopaswa kusoma polepole: miongoni mwa waliokuwa na malaria kweli walifariki karibu 7 katika kila 100, ilhali miongoni mwa wale ambao hawakuwa na malaria walifariki 12 katika kila 100. Kosa hilo lilitokea zaidi kwa watu wazima na kwa wakazi wa maeneo yenye malaria kidogo. Walikuwa wamelala kitandani, dawa inaingia mwilini, ndugu wamewazunguka, na ugonjwa uliokuwa ukiwaua haukuguswa.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Hadubini, umeme na mtaalamu wake haviwezi kuwekwa katika kila zahanati ya Mlalo au Mtae. Kikaratasi kinaweza.

Maji yanayopanda kama mafuta ya taa

Anayeikumbuka koroboi anaijua nusu ya siri ya kipimo hiki. Utambi wa pamba umechovywa katika mafuta ya taa chini, moto uko juu, na hakuna pampu wala mtu anayeyasukuma mafuta yapande. Yanapanda yenyewe, kwa sababu nyuzi za pamba zina nafasi nyembamba katikati yake, na kimiminika hupenda kushikamana na kuta za nafasi hizo na kujivuta mbele.

Ndani ya kile kijisanduku cheupe mna utepe mwembamba uliotengenezwa kwa vipande kadhaa vilivyounganishwa. Kipande kikuu ni utando uitwao nitroselulosi, ambao asili yake ni nyuzi za mimea kama pamba. Kwa macho ni karatasi nyeupe tu. Kwa hadubini kali ni kama sifongo, matundu juu ya matundu, kila tundu likiwa na upana wa mikromita kadhaa, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Damu na maji ya kipimo vinapodondoshwa upande mmoja, sifongo hii huvivuta hadi upande wa pili, ambako kipo kipande kinene kinachoendelea kunyonya ili safari isikome mapema.

Damu haiwezi kuachwa isafiri kama ilivyo. Chembechembe nyekundu zina upana wa mikromita 7 au 8, zinakaribiana na upana wa matundu yenyewe, na zingeziba njia kama gunia la viazi lililokwama mlangoni. Ndiyo maana mhudumu hudondosha maji maalumu yanayokuja pamoja na kipimo. Maji hayo hupasua chembechembe, huachilia vilivyomo ndani, na huyasukuma mbele yote yaliyoyeyuka. Anayetumia maji ya bomba badala yake, kwa kuwa kichupa kimekwisha, ameharibu kipimo.

Mbele kidogo ya pale damu inapoingia kuna kitu kimesubiri kikiwa kikavu: chembe za dhahabu. Ndiyo, dhahabu halisi, ingawa sonara akivunja vijisanduku vya wilaya nzima hatapata hata ya hereni. Kila chembe ina upana wa takriban nanomita 40. Unywele mmoja wa kichwa una upana wa nanomita 80,000 hivi, kwa hiyo chembe 2,000 zingepangwa mstari kukatiza unywele mmoja. Katika udogo huo dhahabu hupoteza rangi yake ya njano na kuwa nyekundu kama sharubati ya choya. Michael Faraday, yule mtaalamu wa umeme wa London, aliichunguza rangi hiyo tangu mwaka 1857, na chupa zake nyekundu zimehifadhiwa mpaka leo.

Chembe hizi zimevishwa kingamwili, yaani vile viungo vya kinga ambavyo hushika kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote. Hizi zimetengenezwa zishike protini inayotolewa na kimelea cha falsiparamu, ambayo wataalamu huiita HRP2. Maji yakifika, dhahabu inalowa, inaachia, inaanza kuelea pamoja na damu. Kama protini ya kimelea imo, dhahabu inaishika na kusafiri nayo.

Sasa tuitazame safari yenyewe. Tundu la utando ni kubwa kuliko chembe ya dhahabu mara 250 hivi. Ni kama nyuki anayepita katika lango la kuingizia lori. Chembe haichujwi, wala haikwami. Kwa nini basi isipite tu moja kwa moja, bila kugusa ukuta wowote? Jibu ni kwamba chembe ndogo ndani ya maji haitulii. Molekuli za maji huigonga kutoka kila upande, na kwa kuwa ni nyepesi, kila kipigo huiyumbisha. Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskochi, aliuona mtikisiko huo kwa hadubini mwaka 1827 alipokuwa akitazama vijichembe vitokavyo katika chavua, na mwaka 1905 Albert Einstein akauandikia hesabu. Kwa hesabu hiyo, chembe ya nanomita 40 katika maji hutangatanga kiasi cha mikromita chache kwa sekunde moja, nao huo ndio upana wa tundu. Maana yake ni kwamba wakati maji yanaisukuma mbele, mtikisiko unaipeleka ukutani, inarudi, inakwenda ukuta wa pili, inarudi tena. Haiwezi kuvuka eneo lililotegwa bila kuugusa mtego.

Na mtego upo. Kwenye utando, pale palipoandikwa herufi T, kingamwili nyingine zimegandishwa kwa mstari usioonekana. Dhahabu iliyobeba protini ya malaria ikipita hapo hunaswa. Ya kwanza hainekani, ya kumi hainekani, lakini zikinaswa nyingi mno mahali pamoja, mstari mwekundu hujichora mbele ya macho. Dhahabu isiyobeba kitu hupita bila kushikwa. Mbele yake kuna mtego wa pili, kwenye herufi C, ambao huinasa hata ile isiyobeba malaria. Mstari huu wa C hauzungumzii ugonjwa kabisa. Unasema tu kwamba maji yamefika, dhahabu imelowa, njia haikuziba. Usipotokea huo, kipimo ni batili hata kama ule wa T umewaka, na lazima kifunguliwe kingine.

Kwa hiyo mstari mmoja kwenye C si kipimo kilichoshindwa, kama tulivyowasikia wengine wakidhani. Ni kipimo kilichofika mwisho wa safari yake, kikapita kwenye mtego wa malaria, kisikute kitu cha kunaswa.

Robo saa, baridi na ukungu

Watu hukereka kwa kusubiri, hasa foleni ikiwa ndefu. Lakini kimiminika kinachojivuta katika sifongo hupunguza mwendo kadiri kinavyosonga. Mwaka 1921 Mmarekani Edward Washburn alionyesha kanuni yake: ili maji yafike umbali maradufu huhitaji muda mara nne. Juu ya hapo, dhahabu ya ziada lazima isafishwe na maji yanayofuata, la sivyo karatasi nzima hubaki na wekundu na mstari hafifu haupambanuki. Vipimo vingi vimewekewa dakika 15 au 20, na muda wa kila kimoja umeandikwa katika karatasi ya maelezo. Kusoma kabla ya hapo ni kusoma safari isiyokamilika. Kusoma baada ya masaa nako ni kosa, kwani utando unapokauka unaweza kuonyesha kivuli cha mstari ambacho hakikuwepo. Kijisanduku kilichookotwa asubuhi mezani hakimhusu mtu yeyote.

Lushoto ina mambo yake mawili katika hili. La kwanza ni baridi. Maji ya nyuzi 10 ni mazito kuliko maji ya nyuzi 25 kwa karibu mara moja na nusu, na maji mazito hujivuta polepole. Asubuhi ya Julai, chumba kikiwa hakijapata jua na kipimo kikiwa kimetolewa sasa hivi katika stoo ya baridi, mhudumu makini hukiacha kwanza kipate joto la kawaida la chumba kabla ya kukifungua.

La pili ni ukungu. Dhahabu na kingamwili zimekaushwa katika utepe, na ukavu huo ndio unaozihifadhi. Ndani ya kila pakiti kuna kijifuko cha punje zinazonyonya unyevu. Pakiti ikifunguliwa ikaachwa wazi wakati ukungu wa Magamba unaingia dirishani, unyevu huanza kuamsha kilichopaswa kulala. Kwa hiyo pakiti hufunguliwa mgonjwa akiwa ameketi tayari, wala hazifunguliwi kumi kwa pamoja ili kuokoa muda. Mzazi ana haki ya kuona pakiti ikifunguliwa mbele yake na kutazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Hili si utovu wa adabu kwa mhudumu. Na vile vijifuko vya punje vitupwe mbali na watoto, maana vinafanana mno na peremende.

Tuongeze hapa jambo ambalo huulizwa sana katika mwezi wa Ramadhani. Wapo wanaoahirisha kupima mpaka magharibi kwa kuhofia kwamba tone la damu litabatilisha funga. Wanazuoni wengi wa zama zetu waliojibu suala hili wameeleza kwamba damu kidogo ya kipimo haibatilishi. Mwenye shaka amuulize shekhe wake, lakini aulize mapema. Homa haingoji adhana.

Mstari wa T ukiwa hafifu bado ni mstari. Hakuna malaria nusu. Hafifu maana yake ni kwamba dhahabu iliyonaswa ni chache, na hali hiyo inaweza kutokea mwanzoni kabisa mwa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani huvipima vipimo hivi kwa damu yenye vimelea 200 katika kila mikrolita moja, na kipimo chema hukamata kiwango hicho. Chini ya hapo kinaweza kupitwa. Ndiyo maana mtu aliyerudi juzi kutoka Korogwe au Muheza, akapimwa akakutwa hana, na homa ikaendelea, hurudishwa apimwe tena. Wakazi wa uwanda wa juu hawana kinga iliyojengeka ya kukabiliana na malaria, na mtoto aliyekwenda kwa bibi Tanga wakati wa likizo anaweza kuugua vibaya kuliko wenyeji wake. Mwambieni mhudumu safari zenu bila kuulizwa.

Kuna kinyume chake pia. Protini ya HRP2 haiondoki siku kimelea kinapokufa. Huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya matibabu yaliyofanikiwa. Aliyetibiwa vizuri akapimwa tena baada ya wiki mbili kwa kipimo hiki anaweza kuona mistari miwili na kulia kwamba dawa imemshinda. Huyo anahitaji hadubini, ambayo huona vimelea vyenyewe. Kipimo cha haraka huona alama zilizoachwa na kimelea, na alama hudumu kuliko mwenyewe.

Jeli ya mwani na kimelea kinachojificha

Msomaji mwerevu atauliza: je, ikiwa kimelea hakitoi protini hiyo? Swali hili si la kubuni. Vimelea vilivyopoteza kinasaba cha HRP2 viligunduliwa kwanza katika msitu wa Amazon nchini Peru, taarifa yake ikatoka mwaka 2010. Baadaye vikaonekana karibu na kwetu. Nchini Eritrea viliongezeka kiasi kwamba mwaka 2016 nchi hiyo ilibadilisha aina ya kipimo. Ethiopia na Djibouti nazo zimo katika orodha. Kwa mgonjwa wa kimelea hiki dhahabu hupita mtegoni mikono mitupu, mstari wa C unawaka peke yake, na malaria imo.

Ili kumnasa mwenye kujificha namna hii huangaliwa vinasaba vyake, na moja ya njia za kufanya hivyo ni safari nyingine ya chembe katika vitundu, safari iliyo tofauti kabisa na ile ya karatasi. Hapa kinachotumika ni jeli. Huchemshwa unga mweupe uitwao agarosi, ambao hutokana na mwani mwekundu, ukapoa ukaganda kama jeli ya sikukuu. Si mwani wetu ule wa Paje na Jambiani, ulioanza kulimwa kibiashara mwaka 1989. Huo hutoa kitu cha jamaa moja kiitwacho karajini. Tukitaja jeli tumtaje na mama mmoja ambaye vitabu vingi vimemsahau, Fannie Hesse, aliyemwambia mumewe mwaka 1881 kwamba agari aliyokuwa akiitumia jikoni kugandishia vyakula haiyeyuki kwa joto la kiangazi kama gelatini ilivyo. Mumewe alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch. Tangu hapo maabara za dunia nzima zinaazima kutoka jiko lile.

Jeli hiyo ni maji karibu yote, labda sehemu 98 au 99 katika 100, ila maji hayo yamefungwa katika wavu wa nyuzi. Matundu ya wavu ni ya nanomita mia moja au mia kadhaa, yaani madogo mno kuliko yale ya karatasi ya kipimo. Na maji hayatembei. Katika karatasi maji yanakwenda na kuibeba chembe. Katika jeli maji yametulia, na chembe inavutwa na umeme. Uzi wa vinasaba, DNA, una chaji hasi, hivyo huvutwa kuelekea upande chanya ukijipenyeza katika wavu. Kipande kifupi hupita upesi. Kirefu hujikunjakunja na kukawia, kama anayeshuka mlimani na mzigo mrefu wa kuni katika kichaka kizito wakati watoto wenye vitabu wamekwisha kumpita. Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991, ndiye aliyeeleza kwamba uzi mrefu katika wavu hupita kwa kutambaa kama nyoka, kichwa kikitafuta tundu na mwili ukifuata njia ile ile.

Mtaalamu hurudufu kwanza kipande cha kinasaba anachokitafuta, kisha hukiweka katika jeli na kuwasha umeme. Kama kimelea kina kinasaba cha HRP2, ufito hutokea mahali pake. Kama hakina, mahali hapo pana utupu, ilhali vinasaba vingine vya kimelea hicho hicho vimeonekana katika njia ya jirani kuthibitisha kwamba kazi imefanyika sawasawa. Ni hekima ile ile ya mstari wa C. Siku hizi zipo mashine zinazosoma kwa mwanga bila jeli, lakini jeli ingalipo katika maabara nyingi, kwa kuwa ni rahisi na haidanganyi.

Kazi ya namna hii si ngeni katika milima yetu. Amani, katika Usambara Mashariki, palianzishwa taasisi ya utafiti na Wajerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kilimo, na zama za Waingereza ikageuzwa kuwa taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ilirithi jina na kazi hiyo, na kituo chake cha Amani kiko Muheza. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa nchini mwaka 2021 kwa sampuli za mikoa mbalimbali ulikuta kwamba vimelea visivyo na HRP2 ni nadra sana Tanzania. Kwa leo, basi, kikaratasi chetu kinasema kweli, na wapo wanaokikagua.

Mistari ikiwa miwili, dawa ya mseto itumiwe yote mpaka kidonge cha mwisho. Ukiwa mmoja, swali la mzazi kwa mhudumu liwe hili: kama si malaria, ni nini? Aombe mtoto akaguliwe masikio, koo na kifua, na mkojo upimwe ikibidi. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea mno hazungushwi madukani. Anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Na kuna kipimo kimoja ambacho mama anaweza kukifanya nyumbani bila dhahabu wala jeli. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, afunuliwe nguo kifuani, saa iwe mkononi, na pumzi zihesabiwe kwa dakika moja kamili. Mchanga wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 12 akifikisha 50, na wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, aende zahanati siku hiyo hiyo, na mama aitaje namba hiyo kabla ya jambo lingine lolote.